Kilengeo cha Mbele na Kuku Wote wa Jumamosi

Rosettenville, Jumamosi alasiri

Mapendo mwanangu,

Mama yako ameanza kukusuka saa nane. Kwa jinsi ninavyomjua, na kwa ukubwa wa kichwa ulichorithi kwangu, hamtaondoka pale kwenye kigoda kabla ya jua kuzama. Nimefunga mlango wa chumba, nimewaambia nasikiliza mpira, na redio nimeiacha inatangaza ili mniamini. Hata wanaocheza siwajui. Barua hii lazima iingie kwenye begi lako la bluu kabla hujasimama kujitazama kwenye kioo, uikute leo usiku.

Najua Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma. Nimekiandika kwa makusudi, maana Kiingereza changu nikikiweka kwenye karatasi huwa ni kile kile cha kuomba kazi. Macho yakishindwa, soma kwa sauti, masikio yako yatakusaidia. Na ukiona wino umepakaa hapa na pale, usianze kuwapigia shangazi zako simu kuwaambia Papa alikuwa analia. Ni mkono wangu wa kushoto, unapita juu ya maneno kabla hayajakauka. Huo mkono tutaurudia.

Maagizo sina. Mama yako ameyamaliza yote, na mengine ameyatunga leo. Amekufungia madumu matatu ya maji kwa sababu amesikia huko Cape Town ukame umezidi na watu wanaoga kwa ndoo moja, kana kwamba madumu matatu yatakufikisha hata wiki ya pili. Sasa hivi nimemsikia kupitia ukuta: "Usikule kwa watu hauwajui. Na mwanaume akikuletea maneno tamu-tamu, mwambie baba yangu ni fundi ya bunduki."

Na wewe ukamjibu, "Eish, Mama, hiyo nasemaka kila siku."

Nimecheka peke yangu humu ndani. Halafu nimeacha kucheka, kwa sababu jambo ninalotaka kukuandikia ni hilo hilo, la baba yako fundi wa bunduki.

Hadithi ya bunduki ya Oom Gert, yule mteja wetu wa Kiburu, unaijua. Nimeisimulia kwenye ubatizo wa mtoto wa Maman Bijou, kwenye harusi mbili, na mara moja msibani, ambako nadhani marehemu mwenyewe alichoka. Katika hadithi hiyo mzee Armindo, bosi wangu, ameshindwa, mimi natengeneza vilengeo kwa tupa, naweka risasi katikati ya karatasi, na Oom Gert ananishika mkono mbele ya watu. Kila ninapoisimulia wewe huwa umekaa palepale, unakula, unanitazama, husemi kitu. Asante kwa hilo. Hadithi yenyewe ni ya uongo. Nusu ya uongo huo unaijua kwa sababu ulikuwepo. Nusu ya pili huijui, na ndiyo iliyonikosesha usingizi tangu siku uliyopata barua ya chuo.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Tulipofika huku kutoka Kalemie mimi nilikuwa fundi wa baiskeli na cherehani. Mzee Armindo aliniuliza mlangoni pa duka lake la kutengeneza bunduki, "Bunduki unazijua?" Nikasema nazijua sana. Siku ya kwanza alinipa moja niisafishe, nami nikaigeuza mara tatu nikitafuta pa kuanzia. Alinitazama, akaninyang'anya, akanipa ufagio. Nilifagia miezi mitano. Baadaye akanifundisha kidogo kidogo, na kwa kuwa leseni ni yake, kila nilichoshika nilikishika yeye akiwa karibu.

Ukaanza kuja nami dukani Jumamosi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulipanga skrubu kwa ukubwa bila kuambiwa. Mzee alikununulia miwani ya kukinga macho, saizi ya mtoto, akaigongelea msumari wake ukutani. Akakuita Engenheira, yaani mhandisi wa kike, na tangu siku hiyo jina lako hakulitaja tena. Mimi aliniita "wewe".

Sasa nikuambie kitu ambacho hatujawahi kukisema nyumbani. Tangu ukiwa na miaka tisa wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu. Kwenye foleni ya vibali, benki, shuleni kwako mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwambia daktari, huku umeshika mdoli, kwamba baba yako ana siku tatu hajaenda choo. Daktari akauliza swali, wewe ukanigeukia, ukaniuliza kwa sauti chumba kizima kikasikia. Kila mahali katika mji huu nilikuwa nasimama nyuma yako. Pale kwenye meza ya kazi tu, mbele ya jiliwa la kubania chuma na tupa, ndipo ulipokuwa unasimama nyuma yangu. Nilipapenda mno. Kupapenda huko ndiko kulikoniharibia.

Mama yako ameita kupitia ukuta: "Nani anashinda?" Nimemwambia bado ni sare.

Tuje kwa Oom Gert. Bunduki ile ilikuwa ya babu yake, ya zamani, ya kukokwa kwa wenzo: unashusha kishikio cha chini, unakipandisha, kach-kach, ganda linaruka. Haikuwa na darubini juu yake. Ilikuwa na vilengeo viwili vya chuma basi. Cha nyuma, karibu na jicho, kina pengo. Cha mbele, kwenye ncha ya mtutu, ni kiulimi kifupi kuliko ukucha. Unakiketisha kile kiulimi katikati ya pengo, unakiweka juu ya unachotaka kupiga, unavuta. Na ilikuwa inapiga juu. Oom Gert alilenga ngiri akatoboa tangi la maji la shemeji yake, na shemeji hakukubali kwamba ni bahati mbaya kwa sababu walikuwa wanagombania uzio.

Siku hiyo tulikwenda wote uwanja wa shabaha, kule kusini nyuma ya kilima cha machimbo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, na kazi yako ilikuwa darubini ya miguu mitatu: kutazama karatasi na kuniambia risasi imetua wapi. Mzee alikuwa ameshakishusha kilengeo cha nyuma hadi ngazi ya mwisho. Akaniambia neno moja: "Piga tatu, niletee karatasi. Usiguse kitu." Kisha mgongo ukamshika, akaenda kukaa ndani ya bakkie, kile kigari chake cha mizigo, hatua kumi nyuma yetu, kofia usoni. Masikio yake yameshaliwa na bunduki za miaka hamsini, angeweza kulala ndani ya ngoma.

Oom Gert kabla ya kwenda kuchoma soseji na wenzake alinitazama juu mpaka chini, akamuuliza mzee, "Huyu jamaa wako anajua?" Aliuliza mbele yako. Wewe ulisikia, nikaona umesikia.

Nikapiga tatu. Ukasema, "Juu, Papa. Kiganja kimoja."

Hapo nilitakiwa kuchukua karatasi na kwenda kwenye bakkie. Nikatoa tupa mfukoni.

Akili yangu iliniambia hivi: risasi iko juu, basi nipunguze kilicho juu. Kiulimi cha mbele kimesimama, nikikifupisha, risasi itashuka. Si unaona inavyoingia akilini? Mtu yeyote wa cherehani angeona vivyo hivyo. Nikapiga tupa kumi, nikapuliza vumbi, nikapiga risasi.

"Papa, imepanda. Viganja viwili."

"Subiri. Chuma bado hakijazoea."

Nilisema hivyo, Mapendo. Chuma bado hakijazoea. Bunduki ilikuwa na miaka mia moja.

Nikapiga tupa tena. Ukaniambia sasa imetoka nje ya karatasi, unaona vumbi kwenye tuta. Nikapiga tupa tena. Ndipo ulipoinuka kwenye darubini ukaja na kalamu yako na kidole. Ukasimamisha kidole, ukaweka kalamu kama mtutu, ukasema kwa kile Kiswahili chako: "Papa, look. Hii ya mbele ukiikata inakuwa fupi, sindiyo? Haionekani tena kwa pengo. So wewe unainua pua ya bunduki ndio uione. Ukiinua pua, risasi inaenda juu. Unakata upande yenye haifai. Hii inataka refu, haitaki fupi."

Nilielewa. Nataka ulijue hilo kwanza. Sikuhitaji kufikiri mpaka jioni. Nilielewa palepale, kidole chako kikiwa bado hewani, kwamba unasema kweli na kwamba chuma nilichokwisha kula hakitarudi. Na nikakuambia, "Nani iko fundi hapa?"

Ukarudi kwenye darubini yako. Nami, ili nikuonyeshe nani ni fundi, nikapiga tupa mara nyingine tano.

Risasi iliyofuata ililia ting! Nilikuwa nimepiga kibao cha namba saba, kile kilichosimamishwa juu ya tuta, nyuma ya karatasi yetu, kuonyesha kwamba ni mahali pa saba. Uwanja mzima ukageuka. Oom Gert akaja mbio na soseji mkononi. Mzee Armindo akaamka, akaja kwa mgongo wake ule, akaichukua bunduki, akatazama ncha ya mtutu. Kiulimi kilikuwa hakijafika nusu ya punje ya mchele.

"Nani amepiga tupa hapa?"

Ulikuwa hatua tatu kutoka kwetu, vikinga masikio bado kichwani kwa sababu wengine walikuwa wameanza tena kupiga. Ulikuwa unanitabasamia, lile tabasamu la kunipa moyo.

Nikasema, "Mtoto. Nilikwenda kubadilisha karatasi, nikageuka nikakuta ameshika tupa."

Hiyo ndiyo nusu ya pili. Nimeiandika, na ngurumo haijapiga. Nilikuwa na visingizio, nimevibeba miaka mitatu: kibali changu kilikuwa kinakaribia kuisha, kazi nyingine sikuwa nayo. Nisikudanganye tena. Kupoteza kazi nilikuogopa kidogo. Nilichoogopa zaidi ni Oom Gert kuniona mjinga, mtu ambaye sijamwona tena tangu siku hiyo na ambaye hata jina langu hakuliuliza.

Mzee aliitazama ile ncha kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa. Jumamosi ijayo mlete Engenheira, nimfundishe kushika tupa."

Unaona nilipoingia? Ukija, atakufundisha. Akikufundisha, utamwambia hujawahi kuigusa. Basi nikakuambia wewe kwamba mzee amechoka na watoto dukani, hataki tena uje. Ulikaa kitandani ukatazama ukuta. Na mzee nikamwambia kwamba hutaki kuja, wasichana wa siku hizi ni simu tu. Bunduki ya Oom Gert yeye aliitengeneza kwa dakika kumi, aliweka kiulimi kipya kirefu, kama ulivyosema. Uongo wangu mimi niliendelea kuupiga tupa upande ule ule.

Siku moja wewe na mzee mlikutana nje ya duka la mikate. Aliniambia mwenyewe. Alikuinulia mkono, ukavuka barabara kabla robot, ile taa ya njia panda, haijawaka kijani. Akarudi dukani akasema, "Engenheira ameshakuwa mkubwa," akaanza kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Sasa kuku.

Kwetu baba hamwombi mtoto msamaha. Sijui nani alianzisha, lakini babu yako alinipiga mara moja kwa kosa la kaka yangu, na ukweli ulipojulikana hakusema neno, alileta samaki mkubwa wa kukaanga akaweka sahani mbele yangu. Nikala, yakaisha. Mimi jioni ile ya uwanja wa shabaha nilipita kwa Wareno pale kona nikakuletea kuku wa piripiri. Ukauliza, "Kuku ya nini, Papa?" Nikasema kula tu. Ukala. Hayakuisha. Jumamosi iliyofuata nikaleta mwingine.

Tangu siku hiyo hujakosa kuku wa Jumamosi. Ulidhani ni tabia yangu tu. Mama yako hajawahi kudhani hivyo. Wiki ya pili tu alisimama mlangoni mikono kiunoni: "Mutu akileta kuku na hakuna sikukuu, kuna kitu. Ni mwanamuke?" Nikamwapia hakuna mwanamke. Akanusa begi langu mwezi mzima. Kuku wote wale, mwanangu, paja kwa paja, walikuwa ni neno moja ambalo mdomo wangu ulishindwa kulitoa, na sasa naona lilikuwa halitafuniki.

Mama yako ameuliza tena, mpira gani huo unaimbwa. Nimegundua mpira umeisha zamani, redio iko kwenye kwaya. Nimemwambia ni wimbo wa taifa.

Leo asubuhi nilikwenda dukani nikiwa nimejipanga. Mzee alikuwa kwenye jiliwa. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mzee, ile bunduki ya Oom Gert, mtoto hakuigusa. Ni mimi."

Hakuinua hata kichwa. Alivuta droo, akatoa kikopo cha pipi, akakifungua. Ndani mlikuwa na kile kiulimi nilichokiua. Amekitunza miaka yote. Akakiweka chini ya kioo cha kukuzia, akanisukumia.

"Alama za tupa zimelala upande gani?"

Nikatazama. Zimelala kushoto.

"Hapa dukani mwenye mkono wa kushoto ni nani?"

Nilitamani kwenda kufagia. Nikamuuliza, kama alijua tangu siku ile, mbona hakusema. Akajibu, "Mtu aliyemsingizia mtoto wake, mimi nimwambie nini? Nilingoja mtoto aje, nimfundishe, yaishe. Wewe ukasema hataki kuja."

"Hilo nalo lilikuwa uongo," nikasema. "Nilimwambia wewe humtaki."

Hapo ndipo aliponyanyuka. Yale ya kwanza aliyajua, haya hakuyajua. Alinitukana kwa Kireno, kwa Kiingereza, na kwa maneno ya Kizulu ambayo wewe ungeyatafsiri ukiwa umeona haya. Akanirushia kitambaa cha mafuta, kikanipata usoni, katikati kabisa, macho ya mzee yale bado hayajambo. Kisha akakaa, akavua miwani yake, akaipangusa kwa muda mrefu. Akauliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia kesho saa nne.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Saa moja nitafungua."

Mzee huyo hajafungua duka siku ya Jumapili tangu nimjue. Nilipokuwa natoka nikainua macho ukutani. Kila kitu kwenye ukuta ule kina vumbi la chuma: misumeno, kalenda, picha ya mke wake marehemu. Miwani yako ndogo bado iko kwenye msumari wake, na haina vumbi.

Kwa hiyo kesho tutatoka mapema, na tutapitia kwake kabla ya kwenda Park Station kupanda basi. Umwambie unakwenda kusomea upimaji wa ardhi, umwambie watakupa darubini ya miguu mitatu. Mimi nitasimama nyuma yako. Kile kiulimi amenipa nikuletee, kiko ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwenye karatasi ya pipi. Usikipoteze, na usimwonyeshe mtu wa Kalemie.

Funzo kubwa sina. Ila siku ukiona jambo linazidi kupanda kila unapolirekebisha, weka tupa chini kwanza, uite aliye na darubini. Mimi nilikuwa naye hatua tatu kutoka nilipo.

Nasikia kigoda kinasogea, mama yako anakuambia usitikise kichwa. Muda wangu umeisha. Amekuwa ananikumbusha tangu mchana nipite kona nikachukue kuku wako wa njiani, na nimekaa hapa nikiandika mpaka wamefunga. Atafoka, mwache afoke, mayai yapo ya kuchemsha.

Mahali hapa, Mapendo, pasome kwa sauti, hata kama unairudia barua ndani ya basi na watu wanakutazama, nataka usikie kwa masikio yako. Ulisema kweli siku ile. Nami nilikusingizia, nikakunyang'anya Jumamosi zako na mzee aliyekupenda. Samahani, mwanangu. Leo sikuleta kuku.

Papa